Risala Ichukuliwe Kama Imesomwa

Mimi ni mwandishi wa risala. Wapo waliojaliwa sauti, wapo waliojaliwa mkono wa kupikia watu mia tatu na wote wakashiba. Mimi nilijaliwa kuandika "Ndugu Mgeni Rasmi" na kuteremka nayo bila kukwama mpaka "tunakutakia safari njema". Nimefundisha shule za msingi za Singida miaka thelathini na saba. Katika miaka hiyo hakikuzinduliwa choo, hayakufanyika mahafali ya darasa la saba, hakupita kiongozi wa aina yoyote karibu na shule yangu bila mtu kuja kunipigia hodi jioni: "Mwalimu, shikamoo. Nimetumwa. Wanaomba utuandikie."

Risala ina utaratibu wake. Unaanza na shukrani. Unamshukuru Mungu, unamshukuru mgeni kwa kukubali mwaliko, hata kama amekuja kuomba kura na hakuna aliyemwalika. Halafu unaweka mafanikio. Huko chini kabisa, karatasi inapokaribia kuisha, ndipo unaweka "changamoto chache". Watoto mia na ishirini wamebanana chumba kimoja, paa linavuja, mwalimu wa hisabati hakuna tangu mwaka juzi, wewe unaandika "chache". Ukimaliza, rasimu inapelekwa ofisini ipitiwe, inarudi changamoto zimepungua na shukrani zimenenepa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Huwezi kuingia kwa watu ukaanza kulia njaa hujawaamkia.

Nayasema haya mapema ili tukifika mahali pa kunilaumu, unilaumu ukiwa na taarifa kamili.

Mwenzangu alikuwa anafundisha darasa la kwanza. Simtaji jina, hapendi, na amekwisha kutajwa vya kutosha kwenye mafaili. Tulifundisha shule moja, njia ya kwenda Mgori, miaka ishirini na mbili. Mimi namzidi miaka minne, kwa hiyo kila asubuhi ya Mungu, mvua au vumbi, alinitolea "shikamoo dada" kabla ya kuweka mkoba wake mezani. Darasa la kwanza halifundishwi umekaa. Unasimama, unainama, unamshika huyu mkono aumbe herufi, unamfuta yule kamasi. Miguu yake ilianza kuvimba akiwa na miaka hamsini. Ilipofika saa nane mchana alikuwa anavua viatu chini ya meza ya walimu na kuomba Mungu asiitwe nje.

Kwao ni Itigi, nyuma ya reli. Baba yake alikuwa mtu wa relini, akafa zamani, mama akabaki pale na binti wa kaka yake mwenzangu akimchotea maji. Mwaka mmoja mwenzangu alijaribu kumleta mama huku kwetu. Bibi alikaa wiki mbili, halali, anauliza kwa nini hasikii honi ya treni, mpaka akarudishwa. Nilimfahamu bibi katika wiki hizo. Mimi alinisemesha Kiswahili, kwa shida lakini kwa heshima, kwa sababu kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni, ya askari na ya wauza tiketi. Mwanawe alimsemesha Kinyaturu tu. "Mama hajawahi kunitolea neno moja la Kiswahili," mwenzangu aliniambia, "hata akinigombeza. Hasa akinigombeza!"

Kwa hiyo mpango wa mwenzangu ulikuwa mmoja, na shule nzima tuliujua. Akifika miaka hamsini na mitano, umri ambao mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, anaondoka. Atachukua mkupuo wake wa mafao, atajenga vyumba viwili vya matofali ubavuni mwa nyumba ya mama, ataweka mizinga porini kama majirani zake na kuuza asali, na atakaa na mama yake wakati mama bado ana akili ya kuzungumza. Hakutaka gari, hakutaka ghorofa.

Sasa hapo ndipo likaja hili dude linaloitwa kikokotoo. Kama umebahatika kutolijua, nikuambie kwa ufupi: ni kanuni ya kupigia hesabu ya mafao yako. Zamani mtu wa mfuko wetu wa pensheni alistaafu akachukua nusu kwa mkupuo, inayobaki akawa analipwa pensheni kila mwezi mpaka afe. Ikatoka kanuni mpya kwamba mkupuo uwe robo. Robo! Mtu amekula chaki maisha yake yote. Kelele zikapigwa nchi nzima, na uchaguzi haukuwa mbali, basi ile robo ikasimamishwa na nusu yetu ikarudi. Tulishangilia ofisini mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani.

Kampeni zikafika. Mgombea mmoja akapangiwa kuja uwanja wa shule yetu. Chama chake sikitaji, wala nafasi aliyokuwa anaiomba. Ukiniuliza alikuwa anaomba nini nitakuambia alikuwa anaomba kura, basi. Mimi nikaletewa kazi yangu. Na nikaandika, ndugu yangu, nikaandika! Ukurasa mzima wa shukrani kwa kikokotoo. Nikaweka kwamba walimu wa kata hii sasa wanalala usingizi, kwamba serikali sikivu imesikia kilio. Niliisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti, nimevaa kitenge kipya. Mgombea akasimama kujibu. Akasema, nayakumbuka maneno yake kama ninavyokumbuka jedwali la mbili, akasema: "Walimu wangu, kikokotoo kimekufa. Tumekizika. Na juu ya kaburi lake tumemwaga zege!"

Uwanja ulilipuka. Mwalimu wa michezo alirusha kofia. Mimi nilipiga vigelegele, mtu mzima na meno yangu ya bandia.

Jioni ile mwenzangu alinifuata nyumbani. Alikuwa amefikisha hamsini na mitano, na barua ya kuomba kustaafu kwa hiari alikuwa nayo kwenye mkoba, imeandikwa, imekunjwa, bado kupelekwa tu. Akaniuliza, "Dada, unaonaje? Niipeleke au nisubiri?"

Hebu fikiria. Mtu ananiuliza swali la maisha yake, mimi namjibu huku napepeta mchele. Nikamwambia, "Unakimbilia wapi? Si umesikia kimezikwa? Mshahara wako unapanda. Kaa mpaka sitini, nusu ya mshahara mkubwa si ni kubwa kuliko nusu ya mdogo? Mvumilivu hula mbivu."

"Na mama?"

"Mama ana nguvu bado. Miaka mitano ni nini?"

Akaitoa ile barua, akaiangalia, akairudisha kwenye mkoba.

Halafu ngoja nikuambie kitu ambacho kinanichoma kuliko vyote. Waraka wa kusimamisha kikokotoo ulikuwa ubaoni, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, umebandikwa kwa pini nne. Kurasa mbili. Mimi nilisoma kichwa cha habari na mistari mitatu ya mwanzo, nikaridhika, nikaenda kuandika risala. Ukurasa wa pili ulisema wazi kwamba nusu ile ni ya kipindi cha mpito tu, na mwisho wa kipindi ukatajwa. Haukufichwa. Ulikuwa pale pale, chini, mahali ambapo mimi mwenyewe huwa naweka changamoto! Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kuacha kusoma mpaka kwenye nukta. Pumbavu kabisa.

Mwaka uliofuata nikatimiza sitini, nikastaafu. Nikapata nusu yangu. Nikahamia Utemini, Singida mjini, kwenye nyumba yangu, nikanunua mashine ndogo ya kukamua alizeti, nikaifunga nyuma ya nyumba. Baada ya hapo, uchaguzi umeshapita na fulana za kampeni zimeshakuwa matambara ya kupigia deki, ikatoka kanuni mpya. Kile kilichomwagiwa zege kikaibuka kimeongezewa kidogo, kimekuwa theluthi, na tukaambiwa hiyo ndiyo ya kudumu. Kila aliyestaafu kabla, nusu. Kila aliyebaki, theluthi.

Niliisikia redioni mashine ikiwa inanguruma. Nikaizima. Mama mmoja aliyeleta gunia lake akauliza, "Umeme umekatika?" nikamwambia hapana, nimechoka.

Mwenzangu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimejipanga kusikia matusi, na ningeyastahili. Akasimama mlangoni na miguu yake ile, akasema, "Shikamoo dada." Nikashindwa kuitikia. Akasema tena. Nikaitikia. Akaketi, akanywa maji, ndipo akauliza taratibu, "Ile mbivu, dada, nani ameila?"

Nikamwambia aondoke sasa, aache shule, aende zake Itigi na hiyo theluthi. Akapiga hesabu kwa vidole vyake vyenye chaki kwenye kona za kucha: theluthi ya sasa inajenga chumba kimoja na haiezeki. "Nimeshasubiri miaka miwili," akasema. "Nikiondoka leo nitakuwa nimesubiri bure. Uchaguzi mwingine unakuja. Wakitaka kura watarudisha."

Unaona ujinga wa mambo haya? Alifanya hesabu ileile niliyomfundisha mimi. Na siwezi kumcheka, kwa sababu nusu ya walimu wa wilaya walikuwa wanaifanya. Mtu anapanga uzee wake kwa kalenda ya kampeni kama mkulima anavyongoja mvua. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi kweli wakakiongeza tena kidogo, hakikufika nusu, tukaambiwa tushangilie. Wapo walioshangilia. Wakati huo kila likizo mwenzangu akienda Itigi alirudi na habari mpya za mama: kaweka chumvi kwenye chai, kamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyekufa, kapotea akaokotwa stesheni anangoja treni ya mume wake. "Ila mimi ananijua," alikuwa anamalizia. "Mimi bado ananijua."

Mwaka jana kampeni zikarudi. Mgombea akawa yule yule, kanenepa, uwanja ule ule. Mwenzangu alikuwa amebakiwa na wiki chache kutimiza sitini. Walimu na wastaafu wa kata tukakaa kikao tukakubaliana kwamba safari hii hatuombi madawati, tunauliza kikokotoo. Nani aandike? Macho yote kwangu.

Mwenzangu akanivuta pembeni. "Dada, sitaki kurasa. Nataka sentensi moja. Andika hivi: Mheshimiwa, ulituambia hapa hapa kwamba kikokotoo kimezikwa na kaburi limewekwa zege. Nani alilifukua? Basi. Ajibu mbele ya watu."

"Nitaandika," nikamwambia.

"Ya kwanza kabisa?"

"Ya kwanza kabisa."

Na niliiandika ya kwanza, Mungu ni shahidi. "Ndugu Mgeni Rasmi," mkato, swali. Nilipoiangalia ile karatasi niliona aibu kama nimetoka nje bila kanga. Hata hivyo nikaipeleka. Aliyekuwa anapitia risala kwenye kamati ya mapokezi alikuwa baba mmoja mwenye kitambi niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la pili, akiwa hajui kutofautisha b na d. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti, akavaa miwani.

"Mwalimu," akasema, "hili swali lina ukali."

"Ndiyo. Ni swali."

"Tuseme hivi: tunaomba ufafanuzi kuhusu suala zima la mafao. Inakuwa na staha."

"Ufafanuzi wa nini? Tunajua yote! Tunataka kujua nani alifukua."

"Sawa mwalimu, sawa, libaki. Ila mgeni hawezi kusimama akapigwa swali usoni hata pole na safari hajaambiwa. Wewe ndiye uliyetufundisha utaratibu. Tuanze na shukrani kidogo, mafanikio kidogo, swali tuliweke mwisho. Si atalifikia tu?"

Wewe ndiye uliyetufundisha. Hapo akanipata. Ningesimama nikasema hapana, ningeichana ile karatasi, ningemwambia arudi darasa la pili. Nikalainika. Miaka thelathini na saba ya kulainika haiondoki kwa asubuhi moja. Nikaenda kuandika shukrani kidogo, na wewe unajua mkono wangu ulivyo, haujui kidogo. Barabara ikaingia, zahanati ikaingia, kisima ambacho hakitoi maji tangu Pasaka kikaingia. Swali la mwenzangu likaishia ukurasa wa nne.

Alipoisoma hakunigombeza. Aligeuza kurasa, moja, mbili, tatu, akalikuta, akaweka kidole.

"Atafika huku?"

"Atafika. Nitasoma haraka."

Siku yenyewe mgeni alitangazwa kuja saa nane. Upepo wa Singida mnaujua wenyewe. Mwezi ule shamba limevunwa, hakuna cha kuzuia vumbi, tulikaa kwenye viti vya plastiki tumejifunga kanga vichwani kama watu wa msibani. Saa tisa, hayupo. Saa kumi, muziki tu. Mwenzangu alikaa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha juu ya tofali, kwa sababu kamati ilimchagua yeye, mwalimu mkongwe kuliko wote kazini, ndiye aikabidhi risala mkononi mwa mgeni baada ya mimi kuisoma. Saa kumi na moja na nusu ndipo magari yakaingia. Na kampeni kisheria mwisho saa kumi na mbili.

Nilisimama, nikasogea kwenye kipaza sauti, nikakohoa. Mshereheshaji akanigusa bega. Akakichukua kile kipaza sauti kutoka mbele ya mdomo wangu, akasema, "Kwa ajili ya kuokoa muda, risala ichukuliwe kama imesomwa. Makofi kwa mwalimu!"

Na wakapiga! Watu wazima, wamekaa juani saa tatu na nusu, wanapigia makofi karatasi iliyokunjwa. Mgombea akapanda jukwaani akasema, "Nimeisikia risala yenu. Kwa kweli ni risala nzuri sana, imenigusa." Imemgusa! Jamani, imemgusa wapi? Hata kuishika hajaishika! Nikawaza nimpokonye yule bwana kipaza sauti. Niliwaza tu, ndiyo tabu yangu. Akaongea dakika ishirini, barabara, zahanati, kile kisima. Neno mafao hakulitaja.

Mwisho mshereheshaji akaita makabidhiano. Mwenzangu akainuka. Nikampa karatasi, na kwa kuwa alikuwa anachechemea nikamshika kiwiko nikaenda naye, ndiyo maana nilisikia kila kitu. Utaratibu ni kwamba unatoa risala kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, mgeni anapokea, mnageukia wapiga picha. Akatoa kwa mikono miwili. Goti hakupiga, halikunjiki. Mgombea akapokea upande wake, akageukia kamera, akatabasamu, akavuta. Karatasi haikutoka. Akavuta tena. Mwenzangu alikuwa ameishika.

"Mheshimiwa," akasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuwaambia watoto wafungue daftari. "Uchaguzi uliopita, hapa hapa uliposimama, tuliambiwa kikokotoo kimezikwa na kaburi limewekwa zege. Nani alilifukua?"

Nilimtazama yule mtu usoni. Nilitaka kuona aibu. Nilitaka hata hasira. Hapakuwa na kitu. Alikunja uso kidogo kama mtu anayetafuta jina la mtu waliyesoma naye, hakulipata, akamwinamia kwa upole kabisa na kumwambia, "Aliyewaambia hivyo aliwadanganya, mama yangu. Kuna wanasiasa waongo sana. Safari hii msikubali kudanganywa."

Alikuwa hakumbuki. Ile sentensi mwenzangu aliilalia na kuiamkia miaka mitano, aliisimamia kwa miguu ile, na mwenye nayo aliisema akaiacha uwanjani siku ile ile na chupa za maji.

Mwenzangu akaiachia karatasi. Picha ikapigwa. Ipo, nimeiona kwenye simu za watu, mimi nimetoka nimefumba macho.

Alitimiza sitini, akastaafu kwa lazima. Shule ilimwandalia sherehe ndogo: kitenge, blanketi, beseni na soda. Waliponiletea habari ya risala ya kumuaga niliwafukuza. Yeye mwenyewe alipoambiwa aseme neno alisema, "Nashukuru, nimechoka," akakaa. Mafao yalipotoka yakawa kama yalivyotangazwa, vyumba viwili vikawa kimoja. Nikamwambia nitamsindikiza Itigi, nibebe japo dumu la mafuta ya alizeti. Lilikuwa dumu la lita ishirini. Sijui nilidhani linalipa nini.

Tuliondoka na basi la asubuhi, tukapitia Manyoni. Njiani alichangamka, nikashangaa. Akanieleza jiko litakaa wapi, mizinga ataanza na mitano, mama atakuwa anaota jua upande wa mashariki. "Nimeenda mwezi wa sita, dada. Aliniita jina langu la utotoni. Mara mbili."

Tulishuka, tukavuka reli. Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kanawishwa vizuri, kajifunga kanga safi, kapungua amekuwa kama mtoto. Mimi nilibaki nyuma na dumu langu ili waonane kwanza. Mwenzangu akapiga magoti safari hii. Sijui aliyakunjaje magoti yale, lakini alipiga, kwenye mchanga, akamwamkia mama yake kwa Kinyaturu kama alivyomwamkia tangu anajifunza kuongea.

Bibi akamtazama. Akanitazama na mimi. Akajivuta pembeni, akamsogezea kile kigoda chake mwenyewe.

"Karibuni wageni," akasema. Kwa Kiswahili. "Mmetoka mbali?"

Niliona mgongo wa mwenzangu ukisimama. Nilitamani nichimbe shimo niingie. Binti wa kaka yake akakimbilia kusema, "Bibi, huyu ni shangazi, ni mwanao," lakini bibi alikuwa ameshaanza mazungumzo ya heshima, yale ya kumliwaza mgeni aliyechoka na safari.

"Mimi nina mwanangu," akasema, polepole, akitafuta kila neno. "Mwalimu. Yuko huko Mgori. Alisema akistaafu anakuja tukae." Akapangusa mdomo kwa ncha ya kanga. "Mkimwona huko, mwambieni asichelewe."

Mwenzangu akamwitikia, kwa Kiswahili hicho hicho, "Tutamwambia, mama." Akavua viatu, akachukua dumu kutoka mkononi mwangu, akaingia jikoni kutafuta kiberiti.